Sifa ya Kurudia

Desturi ya wanadamu ni kusifu kilicho kipya na kudharau kilichorudiwa. Msemaji akirudia neno, wasikilizaji hupiga miayo. Fundi akirudia nakshi ya jana, wateja husema ameishiwa. Mwanafunzi akirudia darasa, wenzake humnong'ona. Kurudia kumefanywa ndugu wa uvivu, au wa ujinga, au wa ufukara wa mawazo. Nami nakubali kwamba yapo marudio ya namna hiyo. Lakini yapo marudio ya namna nyingine, yasiyotoka katika uchache wa mawazo bali katika wingi wa haja, na juu ya hayo ndiyo nataka kusema katika insha hii. Nitasema kwa mfano wa mchoraji mmoja wa Japani ambaye alirudia doa na ua kwa zaidi ya miaka 80, na kwa mfano wa mwanamke mmoja wa pwani yetu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Kabla ya kuvuka bahari, na tuitazame kwanza lugha yetu wenyewe, kwa maana lugha ni kioo cha fikira za watu. Mswahili akitaka mwendo wa taratibu husema polepole. Akiona nguo iliyojaa maua huiita nguo ya maua maua. Akimtaja chui husema ana madoadoa. Neno hurudiwa kwa sababu jambo lenyewe limerudiwa, na sikio hupokea kile ambacho jicho limekiona. Methali zetu nazo zafuata njia hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Bandu bandu huisha gogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika methali hizo tatu moja hujaza na mbili humaliza, lakini zote zakiri kwamba kitendo kidogo kikirudiwa huwa na nguvu ambayo kitendo kikubwa cha mara moja hakina. Hata leso wanazojifunga mama zetu zatoa ushahidi. Ua la pindo haliwekwi mara moja tu. Huizunguka nguo pande zote nne, wala jicho halilalamiki. Wapo wasemao kwamba jina la kanga lilitokana na ndege kanga, kwa sababu nguo za kwanza zilikuwa na madoadoa kama manyoya yake. Ikiwa ndivyo, basi doa lililorudiwa lilivaliwa hapa kwetu kabla bibi zetu hawajasikia habari za mchoraji yeyote wa ng'ambo.

Mchoraji ninayetaka kumtaja anaitwa Yayoi Kusama. Alizaliwa tarehe 22 Machi 1929 katika Matsumoto, mji wa milimani katikati ya Japani. Jamaa zake walikuwa watu wenye mali, na biashara yao ilikuwa kuotesha mimea na kuuza mbegu. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia katikati ya maua kama watoto wa pwani wakuliavyo katikati ya minazi. Mtu angedhani kwamba kwa mtoto kama huyo ua lingekuwa kitu cha furaha tu. Haikuwa hivyo.

Tangu utotoni Kusama alipatwa na maono yaliyomtisha. Ameeleza mwenyewe kwamba siku moja alikuwa akitazama kitambaa cha meza kilichopambwa kwa maua mekundu. Alipoinua macho aliyaona maua yale yale darini, madirishani, ukutani, na mwisho mwilini mwake. Chumba kizima kikawa ua, naye akahisi kwamba anafutika, hana tena mpaka baina yake na vitu vilivyomzunguka. Alikimbia. Na tufikiri kidogo juu ya hofu hiyo. Mtoto aogopaye simba aweza kufunga mlango, na aogopaye giza aweza kuwasha taa. Atafanya nini mtoto aogopaye kitu kilichomo ndani ya macho yake? Kusama alichukua penseli, akachora kile alichokiona. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1939, alipokuwa na umri wa miaka 10, umehifadhiwa hata leo. Ni sura ya mwanamke aliyevaa kimono, na madoadoa yamemfunika mwanamke huyo pamoja na nafasi iliyomzunguka.

Nyumbani hakupata msaada. Mama yake hakutaka binti yake awe mchoraji, na michoro yake ilichanwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, yeye na wasichana wengine wa shule walitiwa katika kiwanda kushona miavuli ya kurukia kutoka ndegeni. Baada ya vita alisoma uchoraji wa Kijapani katika mji wa Kyoto, lakini aliziona kanuni za mafunzo hayo zinambana. Mwaka 1955 alimwandikia barua Georgia O'Keeffe, mchoraji mashuhuri wa Marekani ambaye naye alijulikana kwa picha za maua, akamwomba shauri. Barua ya msichana asiyejulikana ilijibiwa. Mwaka 1957 Kusama alivuka bahari kwenda Marekani, na mwaka uliofuata akafika New York.

Huko aliishi katika ufukara. Ameandika kwamba aliokota vichwa vya samaki na majani ya kabeji yaliyotupwa na wachuuzi ili apike mchuzi. Walakini alichora usiku na mchana. Picha alizozifanya wakati huo aliziita nyavu zisizo na mwisho, na mwezi wa Oktoba 1959 alionyesha 5 kubwa nyeupe. Mtu akizitazama kwa mbali haoni kitu ila weupe, kama ukuta uliopakwa chokaa. Akisogea huona kwamba ukuta huo ni wavu, na kwamba wavu huo umefanywa kwa maelfu ya vitanzi vidogo vya rangi, kila kimoja kimechorwa kwa mzunguko mmoja wa kiganja, na kila kimoja kimezingira nafasi ndogo iliyoachwa wazi. Hakuna katikati, wala mwanzo, wala mahali ambapo jicho laambiwa lipumzike. Msanii Donald Judd, ambaye wakati huo alikuwa akiandika tahakiki za sanaa, alizisifu picha hizo akainunua moja.

Mimi nilikutana na picha hizo kitabuni, katika maktaba, wala si ukutani. Nilipofungua ukurasa wenye wavu ule mweupe nilihisi kwamba nimekwisha kuuona mahali. Sikuuona Japani wala Marekani, ambako sijafika. Niliuona juu ya vichwa vya wazee wetu wakielekea msikitini siku ya Ijumaa.

Kofia ya viua hushonwa kwa mkono juu ya kitambaa cheupe. Mshonaji hutoboa tundu dogo, akauzungushia uzi ukingo wa tundu mpaka ukakaza. Kisha hutoboa jingine, na jingine, mpaka matundu hayo yakapangana kuwa mapambo. Tundu hilo lililozungushiwa uzi huitwa kiua, yaani ua dogo. Waliolipa jina hilo walikuwa na macho mema, kwa kuwa mahali ambapo hapana kitu wao waliona ua. Basi wavu wa Kusama, ambao nao ni uzi wa rangi uliozungushwa pembeni mwa nafasi tupu, haukuwa mgeni kwangu hata kidogo.

Mama yangu alikuwa mshonaji wa kofia. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 baba yangu alifariki dunia baada ya ugonjwa wa siku chache. Mama akakaa eda miezi 4 na siku 10 ndani ya nyumba yetu ya vyumba viwili, pamoja nami na wadogo zangu watatu. Katika kapu lake la kazi mlikuwamo kofia aliyokuwa akimshonea baba kwa ajili ya Idi. Ilikuwa imefika nusu. Juma la kwanza hakuigusa. Juma la pili niliamka usiku nikamkuta ameketi karibu na taa ya mafuta, kofia mapajani, sindano ikiingia na kutoka. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku. Mchana alikuwa mama wa watu wote. Alipokea wageni, alitupikia, hakulia mbele yetu. Usiku alikuwa na kapu lake.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, huchoki kushona kiua kile kile?"

Alinitazama, kisha akaileta kofia karibu na taa. "Mwanangu, sijapata kushona kiua kile kile," akasema. "Hebu tazama. Hiki kimebana, hiki kimelegea kidogo, na hiki nilikishona mdogo wako akilia. Kila kimoja kina saa yake." Nikanyamaza. Alishona kingine, akakata uzi kwa meno, kisha akasema kwa sauti ya chini kama asemaye na sindano, "Usiku mzima siuwezi. Kiua kimoja nakiweza."

Kofia ile ilimalizika kabla eda haijaisha. Nilitazamia kwamba ataiweka sandukuni iwe ukumbusho. Aliiuza, na fedha zake zikalipa sehemu ya karo yangu. Siku aliyoitoa hakusema neno. Alitwaa kitambaa kipya, akaanza nyingine. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwatazama vichwani wanaume wa mji wetu, nikiitafuta.

Sidai kwamba mama yangu na Kusama walikuwa watu wa namna moja. Mmoja alipambana na maono, mwingine na msiba. Picha za mmoja zimeuzwa kwa mamilioni ya dola. Kofia ya mwingine ilinunua madaftari. Lakini katika jambo moja mikono yao iliafikiana. Hofu na huzuni humjia mtu zikiwa nzima, kubwa kuliko kifua chake, wala hazina mpini wa kushikia. Arudiaye huzikata vipande vipande. Hofu ya Kusama ilikuwa ua lililojaza chumba. Aliifanya kuwa ua moja, kisha doa moja, kisha kitanzi kimoja, na kitanzi kimoja mkono wake ulikiweza. Alipokwisha kukichora alichora kingine, na kingine tena. Mambo mengine ya kuchora yalikuwako tele, ila hofu ilikuwa haijaisha, na maadamu haijaisha kazi nayo haikuweza kuisha.

Wala hofu hiyo haikumwacha kabisa. Mwaka 1973 alirudi Japani hali afya yake ni dhaifu, na mwaka 1977 akachagua kwa hiari yake mwenyewe kuishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Tokyo. Wengi wangedhani kwamba habari yake ilikoma hapo. Katika miji yetu na vijiji vyetu mgonjwa wa akili aghalabu hufichwa, na anayemtaja humtaja kwa kicheko au kwa kunong'ona. Kusama hakujificha. Alipata mahali pa kazi karibu na hospitali, akawa akienda huko mchana kuchora na kurudi hospitalini usiku. Mwaka 1993 nchi yake ilimpa heshima ya kuiwakilisha katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Kuanzia mwaka 2009 mpaka mwaka 2021 alichora mfululizo wa picha, mamia kwa mamia, ambao jina lake kwa lugha yetu ni Roho Yangu ya Milele. Alipouanza alikuwa na umri wa miaka 80. Ugonjwa haukumzuia kazi, na kazi haikumponya ugonjwa. Viwili hivyo viliishi pamoja naye, na yeye alijifunza kuishi navyo.

Na lile ua lililomtisha utotoni likawaje? Hakulikimbia tena. Mwaka 2002, mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa katika mji wake wa Matsumoto, yalisimamishwa maua yake makubwa mno yenye rangi kali na madoadoa. Katika mji ule ule ambamo mtoto alilikimbia ua, maua yakasimama mlangoni yapokee wageni. Mwishoni mwa mwaka 2017, katika mji wa Melbourne, Australia, alifanya jambo la ajabu zaidi. Zilitengenezwa sebule na vyumba vyenye meza, viti na vyombo kama katika nyumba ya watu, na kila aliyeingia alipewa ua la kubandika mahali popote apendapo. Siku zilivyopita maua yaliifunika meza, yakavifunika viti, yakapanda kuta, mpaka nyumba ikawa kama chumba alichokiona mtoto yule zamani. Tofauti ilikuwa moja. Mtoto yule alikuwa peke yake na maua yake. Nyumba hii ilijazwa maua kwa mikono ya umati wa watu, na hakuna aliyekimbia.

Hata hivyo si kila kilichorudiwa kinastahili sifa. Mashine hurudia bila kuchoka, na ua lake la elfu halina tofauti na ua lake la kwanza. Mwaka 2012, na tena mwaka 2023, madoa ya Kusama yalipigwa chapa juu ya mikoba na mavazi ya kampuni ya Louis Vuitton, na huko doa lilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Silaumu biashara, mama yangu naye aliuza kofia. Nasema tu kwamba tusiyachanganye mambo mawili. Doa la mashine halina saa yake. Kadhalika mwanafunzi akaririye maneno kama kasuku, asijue maana yake, amefanya kazi ya mashine, na mashine itamshinda daima. Lakini mwanafunzi arudiaye hesabu ile ile mara ya saba, akijiuliza kila mara kwa nini jibu lake limepotoka, huyo hakurudia kitu kimoja mara saba. Amefanya mambo saba. Marudio yaliyo hai yana alama yake: mara ya pili hupata kitu ambacho mara ya kwanza haikuwa nacho.

Lipo jambo jingine ambalo si haki kulificha, hasa kwa wasomaji wa Afrika. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Japani mwaka 2002, Kusama aliandika maneno ya kuwadharau watu weusi. Maneno hayo yalipofichuliwa na kuenea, mwaka 2023 alikiri kwamba yalikuwa ya kuumiza, akaomba radhi. Mimi nimeyapima mambo hayo mara nyingi. Jicho lililojua kwamba hakuna madoa mawili yaliyo sawa, likakipa kila kitanzi haki yake, liliwatazama watu wengi wa rangi moja likaona doa moja tu. Sanaa yake haikumfundisha yote ambayo ingeweza kumfundisha. Hilo halifuti uzuri wa nyavu zake, na uzuri wa nyavu zake haulifuti hilo. Msomaji mwenye busara huchukua somo kutoka pande zote mbili: tuwape wanadamu uangalifu ule ambao fundi hukipa kiua kimoja, kwa maana watu wakitazamwa kwa mbali hufanana, na wakitazamwa kwa karibu kila mmoja ana saa yake.

Nimesema hayo kwa ajili yenu, vijana, mnaoishi katika zama zinazodai jambo jipya kila asubuhi. Mtaambiwa kwamba aliyefanya jambo jana na akalifanya tena leo amebaki nyuma. Msiamini upesi. Ulizeni kwanza kama mara ya leo ilifanywa kwa macho wazi. Aidha, itafika siku, na Mungu aicheleweshe, ambapo jambo kubwa litamwangukia kila mmoja wenu, nalo litakuwa zito kuliko nguvu zake. Siku hiyo hotuba ndefu hazitamfaa sana. Atafute kazi ndogo iliyo karibu na mkono wake, aifanye vizuri, kisha aifanye tena.

Mwasumini ulio kando ya ukuta hufungua maua yale yale kila jioni, meupe, madogo, yasiyohesabika. Watu hupita wakasimama kidogo kwa ajili ya harufu yake, wakaendelea na safari. Hakuna hata mmoja aliyepata kuuambia kwamba umeishiwa mawazo.